Mashua ya Bata na Maji ya Mvua

Sheria za usajili wa vyombo vya majini katika jimbo la Minnesota, Marekani, zina kifungu ambacho kila nikikisoma hunichekesha. Vyombo vingi vinatakiwa viwe na namba na vilipiwe ada, lakini vimo vichache vilivyosamehewa. Kati ya hivyo vichache ipo mashua ya kuwindia bata, maadamu ni msimu wa kuwinda bata, na ipo mashua ya kuvunia mpunga mwitu, maadamu ni msimu wa mavuno. Mimi ni mzaliwa wa Matondoni, Lamu, kijiji ambacho watu wake wamekula kwa kuunda majahazi tangu mababu. Serikali zinazotaka kujua kila chombo ni cha nani nazifahamu vizuri. Inayokiangalia chombo na kuuliza kwanza leo ni mwezi gani, hiyo nilikutana nayo ugenini.

Kifungu chenyewe nilionyeshwa na jirani yangu, mzee aliyestaafu, ambaye nilizoea kumwita Mzee hata naye akazoea kuitika. Alikuwa na mashua ya namna hiyo nyuma ya banda lake, imefunikwa turubai la buluu, na marehemu baba yake ndiye aliyeiunda kwa mikono yake mwishoni mwa miaka ya 1950. Enzi zile magazeti ya ufundi kama Popular Mechanics yalikuwa yakichapisha ramani za mashua, na mtu mwenye msumeno, gereji na majira ya baridi marefu ya kukaa ndani aliweza kuanza Januari na kuwa na chombo kabla ya ndege kuhama. Mzee aliposikia natoka kwenye ukoo wa mafundi wa majahazi, akaniita niione. Nilimwambia mapema kwamba fundi ni mjomba wangu, mimi ni mtu wa kushika ubao upande wa pili akipigilia. Akasema hata mshika ubao anamfaa.

Kwa asiyewahi kuiona mashua hiyo, nieleze. Ina urefu wa futi 14 hivi, ni nyembamba, haina mkuku, na chini yake ni bapa kabisa. Karibu yote imefunikwa sitaha ya chini chini, katikati pakaachwa tundu la kukalia mtu mmoja, mbwa wake na mfuko wa bata wa bandia. Ikikaa majini, ubao unaoonekana juu ya maji hauzidi shubiri moja na ushei. Haina haja ya kuwa ndefu kwenda juu, kwa sababu haikuundwa kukabili mawimbi. Maziwa ya magharibi mwa Minnesota ni madimbwi yaliyoachwa na barafu kuu za kale zilipoyeyuka, na mengi ni ya maji ya kiunoni yaliyojaa matete. Mwindaji huingia gizani, humwaga bata wake wa bandia majini, husukuma mashua katikati ya matete, hulaza nyasi kavu juu ya sitaha, kisha hulala chali akingoja. Sheria ya nchi inamruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Bata wana macho makali na wanatambua rangi. Kitu chochote kinachong'aa au kilichoinuka kupita matete, kundi zima linageuza njia.

Na injini haifai kitu humo, maana majani huisokota. Kinachofanya kazi ni upondo. Mzee aliponionyesha upondo wake, wenye kiguu cha chuma nchani kinachofunguka kikigusa tope na kujikunja ukiuvuta, nilitamani mjomba angekuwepo. Sisi hupondea mashua kwenye mikoko miaka yote kwa mti mtupu, na tope likiung'ang'ania tunatukana.

Mzee alikuwa nayo mashua ya aluminiamu pia, nzima, isiyohitaji lolote. Hakuipenda. Aluminiamu, alisema, hupiga kelele: kucha za mbwa, risasi ikianguka, hata kitako cha bunduki kikigusa ukingo, sauti inasafiri ziwa zima. Na mwezi wa Novemba ukikaa juu yake baridi inakupanda mpaka kwenye meno. Basi akataka ya baba yake irudi majini. Sikubishana naye. Mtu akishasema "ya baba yangu", bei ya mpya haina tena nafasi katika mazungumzo.

Tulipolitoa turubai nikavuta harufu niliyoijua, ya mbao mbichi iliyofungiwa. Nje mashua ilikuwa safi, hata inang'aa. Miaka iliyopita fundi mmoja aliivika fiberglasi kuanzia chini mpaka kwenye sitaha ili, kwa maneno aliyomwambia Mzee, isioze tena milele. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi. Omo, yaani mbele, ililia kwa sauti kavu, katikati vilevile, lakini nyuma kwenye tezi sauti ikafa. Nilipoikandamiza ncha ya bisibisi pembeni, ikaingia mpaka mpini, na maji yakachuruzika. Ilikuwa imekaa nchi kavu miaka mingi, na bado ilikuwa na maji ndani ya ubao.

Tuliichuna ile fiberglasi. Penye mbao nzima ilishikilia, penye mbao mbovu ilitoka yenyewe kwa mkono, vipande vipana, na nyuma yake plaiwudi ilikuwa imeachana tabaka tabaka kama chapati ya kusukuma. Rezini ya polyester, ile ya bei nafuu, haishikamani vizuri na mbao kwa muda mrefu. Mashua inajipinda kidogo kila ikipandishwa kwenye trela, unatokea ufa mwembamba usioonekana, maji ya mvua yanaingia, na ngozi ileile iliyowekwa kuzuia maji yasiingie inayazuia yasitoke. Vimelea vya kuvu vinavyoozesha mbao vinataka vitu vichache tu: unyevu, hewa, na joto kidogo. Ubao ukikauka chini ya asilimia 20 ya unyevu, vinalala. Ukizama mzima majini ukakosa hewa, navyo vinashindwa. Pale katikati, kwenye ubao usiokauka wala kuzama, ndipo vinapokula. Turubai la buluu lililogusa sitaha pande zote, lisiloacha upepo kupita, lilimalizia kazi.

Nilimpigia mjomba picha na kumtumia kwa WhatsApp. Sauti yake ilikuja usiku, alfajiri ya kwao.

"Mjomba, mbona hii haina mkuku?" Ndilo swali lake la kwanza. La pili: "Wanaiogesha kwa maji gani?"

Nikamwambia ziwa ni maji baridi, na huku mvua na theluji ni nyingi.

"Basi ndiyo hapo. Maji ya chumvi hayaozeshi ubao, mwanangu. Maji ya mvua ndiyo adui. Sisi hapa kila asubuhi tunairushia sitaha maji ya bahari, hukumbuki?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nikidhani ni kwa ajili ya kupoza mbao jua lisizipasue, na hiyo pia ni kweli. Lakini chumvi ni dawa. Nilipomweleza Mzee, hakushangaa. Alinieleza kwamba waunda meli wa Marekani wa karne ya 19, wakiwemo wa Maziwa Makuu ya huko, walikuwa wakimimina chumvi ya mawe kati ya mataruma, yaani mbavu za chombo, kabla ya kufunga mbao za ndani, chumvi inyonye unyevu na kuizuia meli isioze. Wazee wa Matondoni na wazee wa Michigan hawakuwahi kukutana, na wote waliujua ubao.

Hapo pana jambo ambalo watu wa pwani tunalisahau tukihamia bara. Kwetu adui wa chombo yuko baharini: wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao mpaka ubao unabaki matundu matupu. Ndiyo maana kila baada ya muda chombo kinapandishwa pwani, kinasuguliwa, kinachomwa kwa moto wa makuti, kisha kinapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Nchi kavu ndiko chombo kinakotibiwa. Katika Maziwa Makuu mambo yamepinduka. Wadudu wale hawamo katika maji baridi, na huko chini kwenye giza na baridi kali zipo meli za mbao zilizozama zaidi ya miaka 100 iliyopita ambazo bado zimesimama na milingoti yake. Mashua ya Minnesota ikiachwa ndani ya ziwa inadumu kuliko ikiachwa uani. Mzee alikuwa ameitunza mashua ya baba yake kwa kuiondoa majini na kuifunika, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, na huko kwenye matunzo ndiko ilikoumwa.

Mjomba alishauri shahamu. Alinipa kipimo na namna ya kuikoroga. Nilimfikishia Mzee ushauri kwa uaminifu, naye akaupokea kwa heshima, kisha akamtazama mbwa wake, dume kubwa jeusi la kuokotea ndege, na wote wawili tukaelewa kwamba mashua iliyopakwa mafuta ya ng'ombe isingefika ziwani kabla haijalambwa.

Kazi yenyewe ilichukua majira ya baridi yote. Sitaisimulia hatua kwa hatua, maana sehemu kubwa ni kukwaruza, kungoja ikauke, na kukwaruza tena. Tuliiacha uchi kwenye gereji, imepinduliwa juu ya farasi za mbao, yaani viegemeo vya seremala, feni ikipuliza mfululizo, na hatukugusa gundi mpaka kipimo cha unyevu kiliposema ubao umekauka. Mzee alikosa subira. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, hakukuwa na lingine la kufanya, na bado alikosa subira.

Nitakaa kidogo kwenye misumari, kwa sababu humo ndimo nilimomwona aliyeiunda. Mataruma yalikuwa ya mwaloni mweupe, mti mgumu, mzuri, na msumari wa kawaida uliopakwa zinki ndio uliotumika kuyashikilia. Mwaloni una tanini nyingi, na tanini hula chuma. Kila msumari ulikuwa umezungukwa na duara jeusi la ubao uliokufa, na ukiuvuta unatoka mwembamba katikati, mnene kichwani na nchani. Hata hivyo kwenye omo, mahali palipofungwa bati la kupasulia barafu nyembamba ya Novemba, misumari ilikuwa ya bronzi, yenye meno, ambayo haili wala hailiwi. Chini ya bati, kwenye ubao, palikuwa na mistari ya penseli: vipimo vya umbali kati ya msumari na msumari, vimekatwa, vikaandikwa upya kwa umbali mkubwa zaidi. Bronzi ni ghali. Nadhani alinunua pakiti moja, akahesabu, akaona haitoshi mashua nzima, akaamua ni wapi barafu itapiga. Penginepo akatumia alichonacho. Hiyo ndiyo mashua ya kuundwa nyumbani: kila kona inakuonyesha mtu aliishiwa fedha wapi na alikataa kubana wapi.

Mjomba huwa anavingirisha pamba yenye mafuta shingoni mwa kila msumari wa chuma kabla ya kuupigilia, na kichwa anakizamisha na kukifunika. Chuma hakigusani na hewa wala maji. Nilimwonyesha Mzee. Misumari ya baba yake ya bronzi tuliirudisha mahali pake, kwa vipimo vilevile vya penseli. Iliyobaki tukaweka skrubu za bronzi, na palipokuwa na tundu jeusi tukachokoa ubao uliokufa na kuziba kwa kijiti cha mwaloni.

Tuligombana juu ya epoksi. Tezi ilikatwa yote na kuundwa mpya, hilo halikuwa na mjadala. Lakini Mzee alitaka mashua nzima inyweshwe epoksi, ndani na nje, ili watoto wake wasije kuhangaika. Epoksi si ile rezini ya zamani. Inang'ang'ania mbao kweli, na ikitumika kwa ubao mkavu, mpya, pande zote kabla ya kuunganishwa, inafanya kazi nzuri sana. Hapa ubao ulikuwa wa miaka zaidi ya 60, umeshapigwa misumari, umeshatobolewa, na hakuna mwanadamu angeweza kuufikia upande wake wa chini ya sitaha. Ukiuvika nje tu umerudi kwa fundi wa fiberglasi. Nilisema epoksi iwe gundi ya viungo. Ndani tupake mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo yanauacha ubao upumue, na nje rangi ya kawaida. Rangi itapasuka, ndiyo, na ikipasuka mtu ataona, atakwaruza kipande kile na kupaka tena jioni moja. Alinuna siku kadhaa. Kisha akaja na makopo mawili ya mafuta ya kitani bila kusema neno. (Matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandazwe nje, yasirundikwe: yanajipasha moto yenyewe na kuwaka.)

Rangi ya zamani ilitaka tahadhari. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi mwaka 1978, na hii ilipakwa kabla. Tulisugua kwa msasa wa maji, tukiwa na barakoa, na vumbi lote likatiwa mfukoni. Madini yaleyale ndiyo yaliyokuwa yakitumika kwenye chembe za bunduki za kuwindia bata. Bata humeza mchanga na vijiwe ili kusaga chakula, na chini ya maziwa waliokuta chembe hizo walizimeza wakafa kwa sumu, mpaka mwaka 1991 zilipopigwa marufuku nchi nzima kwa uwindaji wa ndege wa majini. Sasa wawindaji hutumia chembe za chuma au metali nyingine zilizoidhinishwa. Rangi mpya tuliyoipaka haina mng'ao hata kidogo, ya nyasi iliyokufa. Mwanamke jirani alipoiona akauliza lini tutapaka rangi.

Mimi natoka nchi iliyopiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na nilikuja hapa na dharau yangu kwa watu wanaoamka saa tisa usiku kwenda kuua ndege. Dharau hiyo imepungua, si kwa mazungumzo bali kwa stempu. Tangu 1934 kila mwindaji wa bata aliyefikisha umri wa miaka 16 lazima anunue stempu ya serikali ya shirikisho. Ya kwanza ilichorwa na Jay "Ding" Darling, mchoraji wa katuni wa magazeti aliyekuwa akiongoza idara ya wanyamapori, na iliuzwa dola moja. Siku hizi ni dola 25, na senti 98 za kila dola huenda kununua au kukodi maeneo oevu. Minnesota imekausha karibu nusu ya maeneo oevu yake ili kulima mahindi na soya. Sehemu ya matete yaliyosalia, ambamo hata ndege asiyewindwa anazaa, imelipiwa na wenye bunduki. Nimeanza kuinunua stempu hiyo, ijapokuwa sina bunduki. Inauzwa posta. Mzee aliniuliza kama dini yangu inaniruhusu kula bata aliyepigwa risasi. Nikamwambia inategemea nani kapiga na kasema nini kabla ya kuvuta kifyatulio. Akauliza aseme nini. Sijui kama alilifanyia kazi jibu langu.

Jahazi jipya Matondoni likishushwa huachwa majini mbao zivimbe, zijibane na pamba ya kalafati, kisha maji ya ngama yanatolewa na linanyamaza. Plaiwudi haivimbi hivyo. Ikivuja inavuja. Tulipoishusha ile ya Mzee ilivuja kidogo kwenye kiungo cha tezi, tukaikausha, tukaongeza gundi, basi.

Kitu kimoja tuliongeza ambacho baba yake hakukiweka: tundu la kizibo, chini kabisa kwenye tezi, upana wa kidole gumba, lenye kola ya shaba. Yeye alikuwa akiipindua mashua kumwaga maji, na alikuwa na nguvu za kufanya hivyo. Sheria ya sasa ya Minnesota inataka kila chombo kisafirishwe barabarani kizibo kikiwa kimetolewa na maji yote yamemwagika, ili kuzuia kome wadogo wenye milia, waliotokea pande za Bahari Nyeusi na Kaspi, wasihamishwe ziwa hadi ziwa. Waliotunga sheria walikuwa wakifikiria kome. Kwa mashua ya mbao wameiandikia dawa: maji ya mvua yasikae ndani hata usiku mmoja.

Sasa inalala kifudifudi juu ya farasi zake ndani ya banda, turubai limetupwa. Na nyinyi mliobaki nyumbani, naona picha za mitumbwi na mashua zinazovikwa fiberglasi siku hizi, Lamu, Mafia na hata Ziwa Victoria, na sikatai, mbao nzuri zimekuwa adimu na mvuvi anataka chombo kidumu. Ila fundi akija na ndoo yake ya rezini, mwombeni kwanza akionyeshe kifaa cha kupima unyevu. Kama hana, chombo kikae juani, kimeinuliwa kutoka mchangani, upepo upite chini na juu, mpaka ubao ukikwaruzwa utoe unga mkavu. Hapo ndipo mlipe.